Shimo Lililohamishwa kwa Kalamu

Jumamosi asubuhi msichana Kasuku alimpeleka mdogo wake uwanjani nyuma ya zahanati, kama kawaida. Leo walikuta mafundi wakisimika bembea mpya.

"Dada, mimi wa kwanza kupanda," mdogo wake alisema.

Kasuku alikuwa akitazama ardhi. Usiku mvua ilinyesha, na maji yalituama uwanja mzima isipokuwa chini ya bembea. Pale yalizama kimyakimya, kana kwamba kuna mtu huko chini anayanywa.

Kasuku akakumbuka. Muhula uliopita darasa lao lilichora ramani ya historia ya mtaa kwenye ukuta wa maktaba: zahanati ilipokuwa kibanda cha mabati, soko lilipoanzia, kituo cha zimamoto. Kasuku alipewa kazi ya kuchora mahali lilipokuwa shimo la maji taka la nyumba za kwanza. Alitakiwa kumuuliza Babu Bomba, dereva mstaafu wa gari la kunyonya maji taka. Lakini Babu Bomba ukimuuliza saa, anaanzia siku aliyozaliwa. Kasuku akaenda zake kuruka kamba, kisha akalichora shimo nyuma ya soko, maana pale ukuta ulikuwa na nafasi. Mwalimu akamsifu kwa mwandiko.

"Shikamoo, fundi. Hapa mmepapima?"

"Marahaba. Tupime nini? Ofisi ya mtaa haina ramani, tumetumia yenu ya maktaba. Shimo liko sokoni huko."

Kasuku alijua kwamba akikiri, shule nzima itamcheka. Mkono wa mdogo wake ukamponyoka. Mtoto alikuwa tayari ameishika bembea.

"Lile shimo la sokoni nililibuni," alisema haraka. "Sikumuuliza mtu."

Fundi aliitazama ardhi iliyokunywa maji chini ya bembea, kisha mtoto, akashusha sauti. "Usimkimbilie. Mwite taratibu."

"Njoo, mdogo wangu. Polepole."

"Nimefanya nini tena?" Mtoto alinuna, lakini akaja. Nyuma yake nyayo zake zilijaa maji, kisha zikakauka.

Fundi akalala kifudifudi, akachoma ardhi kwa nondo ndefu. Ikazama nusu, ikamponyoka, ikapotea yote. Kimya. Kisha, mbali chini, chubwi. Harufu nzito ikapanda.

Siku hiyo hiyo Babu Bomba aliletwa, akaonyesha kingo zote za shimo. Bembea iling'olewa, shimo likajazwa mawe na zege.

Jumatatu Kasuku alisimama mbele ya ramani na kopo la rangi. Mwalimu alikuja kusimama kando yake.

"Ungeacha pale patupu, ningekukaripia tu," alisema. "Fundi naye angeona pengo, angeuliza. Wewe ulipajaza uongo mzuri, kila mtu akaacha kuuliza. Usipojua, mwanangu, sema hujui. Watu wanatembea juu ya maneno yako."