Maji Kinywani mwa Mwamvua

Asubuhi ile pale Chumbi ilikuwa asubuhi kama nyingine. Watu walikuwa mashambani wakiinga ndege kwenye mpunga, na Mshamu alikuwa barazani anamenya muwa. Muwa ndio uliokuwa unamweka hai. Tangu arudi vitani, maji yalikuwa hayapiti kooni mwake.

Si ugonjwa wa koo, jamani. Kila akiinua kata, pumzi ya mtu humgusa sikioni, kisha sauti ya marehemu Bushiri, rafiki yake wa chanda na pete, hunong'ona: "Mshamu, si ulisema zitakuwa maji?"

Maana Mshamu ndiye aliyemnyunyizia dawa ya vita. Naye alidanganywa. Wakubwa wa vita walimwapia kwamba risasi za Wadachi, wale Wajerumani, zitageuka maji, akaamini kama mtoto anavyomwamini mamaye. Bushiri akatoka mbele kifua wazi, risasi ikamlaza. Wakubwa, hao! Walishakimbilia porini zamani.

Siku hiyo Mshamu alipouma muwa, sauti ikaja vilevile. Akautupa. Kiu ingemuua sasa. Akaenda kwa Bibi Sikudhani, mganga.

"Dawa ipo, mjukuu wangu," bibi alisema, "ila haimo kibuyuni. Mwenye uchungu nawe atie maji kinywani, akusikilize. Useme yote. Akiyatema, amekusamehe, utakunywa."

"Na asipotema?"

Bibi akachota kata ya maji, akaiweka kando.

Wakamwita Mwamvua, mjane wa Bushiri. Alikuja kwa huruma, maskini, kwani tangu msiba Mshamu ndiye aliyekuwa akimlimia shamba. Akapiga funda, mashavu yakajaa, akakaa kitako akimtazama.

Mshamu akasema. Alivyomnyunyizia Bushiri. Alivyomhimiza aende mbele. Alivyomwacha majanini akiita. Machozi yalimtoka Mwamvua, lakini akaitikia kwa kichwa. Hayo aliyapokea.

"Yote," bibi akanong'ona.

Mshamu akamgeukia Mwamvua. "Shemeji... watu waliniuliza kwa nini dawa haikumkinga. Wangenichinja. Nikasema amevunja mwiko. Nikasema alitoroka kambini, akaja kulala na wewe."



Kumbe! Kwa maneno hayo Mwamvua alikuwa akiitwa muuaji wa mumewe. Wakwe walimfukuza. Kisimani wanawake walimkwepa kama mwenye ukoma. Na aliyemtungia uongo huo ndiye huyuhuyu aliyekuwa akimlimia, akila ugali wake, akimwita shemeji.

Mashavu ya Mwamvua yakatetemeka.

"Tema, mwanangu," bibi akamsihi. "Atakufa."

Mwamvua akameza. Koo likapanda, likashuka. Akajifuta midomo.

"Yangu nimeyanywa," alisema taratibu. "Msubiri Bushiri mwenyewe aje akutemee."

Mshamu akaenda kujifungia ndani. Jioni majirani walimsikia akisema, "Karibu." Mlango hawakuusikia kufunguliwa.

Kulipokucha walimkuta kaegemea ukuta, amekufa, midomo imepasuka kwa kiu. Uso umelowa. Ukuta wa udongo nyuma yake nao umelowa matone madogo madogo, kama kuna mtu aliyempulizia funda zima kwa karibu. Walipomwondoa, umbo la kichwa chake likabaki pale ukutani, kavu. Jua likawaka mchana kutwa. Pembeni ya umbo lile, maji hayakukauka.