Sahani za Mama Callie

Kila asubuhi Rayfield Gaither alitoa vikombe viwili kabatini, kisha akarudisha kimoja. Mkewe, Verlene, alifariki mwaka uliopita. Kichwa kilijua, lakini mkono ulikuwa bado haujapata habari.

Asubuhi hiyo kahawa ilimpolea mezani. Alikuwa akisoma barua ya baraza la wilaya kwa mara nyingine. Barabara ya kiwandani itapanuliwa. Itakata upande wa chini wa makaburi ya kanisa la Cedar Fork, pale penye mierezi. Barua ilisema upande huo hauna makaburi, bali jalala la vyombo vilivyovunjika. Mwenye pingamizi alete ushahidi Jumanne.

"Jalala," Rayfield alijisemea. "Wamesoma mpaka wamepofuka."

Pale ndipo alipolala Mama Callie, bibi mzaa bibi yake. Wazee wetu wa Georgia hawakuwa na uwezo wa kununua mawe. Walimwekea marehemu sahani au kikombe alichotumia mwisho, wakakivunja juu ya kaburi, ili kifo kisirudi nyumbani kuchukua mwingine.

Verlene alipalilia pale kila mwezi wa Mei. Alipokuwa hoi kitandani alimwambia mumewe, "Ray, usimwache Mama Callie apotee." Rayfield aliitikia. Lakini majina yote ya ukoo yalikuwa kichwani mwa Verlene, naye aliondoka nayo. Rayfield alikuwa mtu wa kiwanda cha mbao. Verlene alipokuwa akisimulia habari za ukoo, yeye alikuwa akitazama mpira.

Alitafuta "Callie Gaither" kwenye simu, akakuta ukoo mzima umepangwa na mtu asiyemjua. Akaenda duka la dawa kuuchapisha, kisha akaupeleka maktaba, alikokuwa shemeji yake Odessa. Odessa alistaafu posta, na siku hizi alisaidia watu kutafuta koo zao.

"Nimeshampata," Rayfield alisema. "Jumanne nawatupia hii usoni."

Odessa alivaa miwani, akasoma polepole.

"Shemeji, huyu Callie wako amezaliwa lini?"

"Si imeandikwa hapo?"

"Imeandikwa. Na mtoto wake wa kwanza pia. Kamzaa akiwa na miaka saba."

Rayfield aliinama kuitazama karatasi.

"Tena kafia Chicago," Odessa akaendelea. "Ukiwapa hii watakushukuru. Watasema mwenyewe umeleta ushahidi kwamba bibi hayupo pale."

"Basi wameshinda. Wao wana wanasheria, mimi nina simu iliyopasuka kioo."

"Kaa chini, acha kulia kabla ya msiba. Karatasi ya ibada ya mazishi ya baba yako iko wapi?"

"Kwenye Biblia ya Verlene."

"Kailete. Umeanzia kwa mfu usiyemjua. Ukoo unaanza na wewe. Wewe, kisha baba yako, kisha mama yake. Hatua moja moja, na kila hatua na karatasi yake. Kazi ya mtu kwenye mtandao ni fununu tu, si ushahidi."

Rayfield alirudi na Biblia nzima, hakutaka kuifungua peke yake. Ndani yake Verlene alikuwa amehifadhi karatasi za mazishi ya ukoo wote. Ya baba yake, Amos, ilisema mama yake aliitwa Lula.

"Vizuri," Odessa alisema. "Sasa sensa. Serikali huifungia miaka sabini na miwili, kisha mtu yeyote anaisoma bure. Tutazame ya mwaka 1930, baba yako akiwa mtoto."

Kompyuta ilichukua muda. Rayfield alitazama saa ya ukutani. Maktaba ilikuwa karibu kufungwa, na kesho yake ilikuwa Jumamosi, haifunguliwi. Ingebaki Jumatatu tu.

Ukurasa ulitokea, umejaa mwandiko wa mkono. Mwenye nyumba: Gaither, babu yake. Mke: Lula. Mtoto: Amos.

"Callie hayupo," Rayfield alisema.

"Soma nyumba nzima. Watu husoma jina wanalolitaka tu, wakaacha mengine."

Alishuka kwa kidole mpaka mstari wa mwisho. Callie Sturdivant. Mjane. Mama mkwe wa mwenye nyumba.

"Sturdivant? Lakini sisi ni akina Gaither."

"Ninyi ndio akina Gaither. Yeye ni mama yake Lula, na Lula aliolewa kwenu. Mama mkwe atapataje jina la mkwewe? Verlene alikwambia haya, shemeji."

"Nilikuwa natazama mpira."

"Najua. Alinilalamikia."

Waliandika jina hilo kwenye hazina ya vyeti vya kifo vya jimbo. Cheti kilipatikana. Callie Sturdivant, mwaka 1934. Mtoa taarifa: Lula Gaither, binti. Mahali pa kuzikwa: Cedar Fork.

Rayfield aliweka kiganja juu ya meza. Kisha hofu ikamrudia.

"Watasema alizikwa upande wa juu."

"Hilo sasa sina cheti chake," Odessa alikiri.

Rayfield alirudia kusoma mwaka ulioandikwa kwenye cheti. "Upande wa juu ulikuwa shamba la pamba. Kanisa lililinunua baada ya vita vya Hitler. Baba alisaidia kung'oa visiki vya pamba."

"Maneno hayatoshi. Hati ya ununuzi iko mahakamani, jengo moja na baraza. Jumatatu asubuhi tuko mlangoni."

Jumanne, barazani, ofisa wa barabara, Bwana Hutchens, alitabasamu kwa upole. "Mzee Gaither, hatukatai kwamba bibi yako yuko Cedar Fork. Ila makaburi yako juu."

Rayfield alisogea mezani. Aliweka sensa. Akaweka cheti cha kifo. Akaweka nakala ya hati juu yake.

"Bibi alizikwa 1934. Huko juu kanisa lilinunua 1947. Kabla ya hapo palikuwa pamba. Hati hii ilikuwa kwenye jengo lenu wenyewe, ghorofa ya chini. Hamkushuka ngazi."

Baraza lilituma wapimaji wenye mashine ya kuchungulia ardhini, na chini ya mierezi wakakuta makaburi safu kwa safu. Barabara ikapindishwa. Familia nyingine za kanisa zikaanza kuja maktaba na Biblia zao kwapani, na Odessa aliwauliza wote swali moja: "Wewe mwenyewe ulizaliwa wapi?"

Hakuna mkubwa aliyeomba radhi, na Rayfield hakusahau hilo.

Mwezi wa Mei alipalilia kwa mkono wake. Kisha akapanda upande wa juu, kwa Verlene, akatoa kikombe cha pili mfukoni. Alikishika kidogo, akakivunja kwenye ukingo wa jiwe, akakiweka pale.

Asubuhi iliyofuata alitoa kikombe kimoja kabatini, akanywa kahawa ikiwa bado moto.