Sola ya Makarius na Mparachichi wa Shangazi

Majirani zangu, leo nasema bila kuzunguka, na anayejiona humu asininunie.

Huku kwetu pembezoni mwa Songea, nguzo za umeme bado hazijatufikia. Makarius na mkewe Fausta waliishi vizuri tu, jirani kabisa na Shangazi Verediana, dada wa marehemu baba yake Makarius. Katikati ya nyumba zao ulisimama mparachichi wa shangazi, uliopandwa na marehemu mumewe. Mti huo ndio uliokuwa ukimtunza. Wachuuzi walikuja kuchuma, naye akapata sabuni, dawa zake za presha na ada ya mjukuu wake anayesoma bweni. Jioni Fausta alikwenda kwa shangazi kuchambua naye mboga, Makarius akiwachekesha.

Mwezi wa kumi Makarius aliuza mahindi yote aliyokuwa ameyaweka, akanunua sola. Muuzaji alimwonyesha namba ya nguvu iliyoandikwa nyuma ya paneli, akamhakikishia kwamba hiyo inaendesha friza bila wasiwasi. Makarius hakuuliza zaidi, akanunua na friza. Jua la mwezi wa kumi mnalijua! Maji yaliganda, watoto wa mtaa mzima wakamiminika kununua barafu, na bwana mkubwa akaanza kutembea kifua mbele.

Kisha mvua zikaja. Mawingu ya huku nayo mnayajua, yakitanda asubuhi yanaweza kukaa hadi jioni. Friza ikawa inazima, barafu zikawa maji, taa zikafifia hata ugali haujaiva.

"Baba Oswald, tuizime hii friza," Fausta alimwambia mumewe. "Tubaki na taa na simu. Umeme wenyewe ndio huu mdogo."

"Wewe unaijua sola? Namba si imeandikwa pale? Kinachotuponza ni kivuli cha ule mti."

Ebo! Mti umesimama pale miaka yote, leo ndio umekuwa mchawi?

Asubuhi yake akaenda kwa shangazi na kilo ya sukari.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Mbona na sukari mapema hivi?"

"Shangazi, mparachichi unanizibia jua. Ukiniruhusu niukate, nitakuvutia waya mpaka ndani. Utawasha taa bure maisha yako yote."

"Lakini mti umebeba matunda, baba. Huuoni?"

"Nauona. Lakini mimi si mwanao? Nitakutunza mwenyewe."

Shangazi aliutazama mti. "Haya," akasema. "Kama ni wewe unayesema."

Msumeno ukaletwa. Matunda machanga yalitapakaa ua mzima, na shangazi akaingia ndani akafunga mlango. Mimi nilikuwapo, na niliumia.

Sasa anga lilikuwa wazi juu ya paneli. Wingu likaja, friza ikazima vilevile. Makarius alipanda juu ya bati akaifuta paneli. Akauza baiskeli yake, akabadilisha betri. Wapi! Siku ya jua umeme ulikuwa mzuri kama zamani, siku ya mawingu ulikuwa duni kama zamani. Waya wa shangazi aliuvuta kweli, ila taa yake ilizimika mama wa watu hajamaliza hata kula.

Hapo Makarius akaelewa, na aibu ikamfunga mdomo. Msimu wa parachichi ulipofika, alikutana na shangazi njiani, beseni kichwani, akichuuza matunda aliyonunua kwa watu.

"Chukua moja, baba, ukale na mkeo," shangazi akasema akitabasamu.

Alilipokea. Nyumbani alilikata, kisha akalisukuma kando. Ndipo Fausta akamwambia alichokuwa anaogopa kumwambia, kwamba shangazi alikuwa anameza dawa kwa kuruka siku ili zisiishe mapema. Makarius akaondoka pale pale, akaenda kupiga magoti mbele ya shangazi.

"Nisamehe. Mti haukuwa na kosa. Ni mawingu, na friza yangu imezidi nguvu ya sola. Nilishajua, nikaona haya kukwambia."

"Nilijua, baba."

"Ulijua?"

"Kivuli chake asubuhi kilianguka kwangu. Mchana kilikaa chini yake penyewe. Bati lako kilikuwa kinalifikia jua likiwa linazama. Nimeishi na mti ule tangu naolewa."

"Sasa mbona ulikubali?"

"Uliniuliza kama wewe si mwanangu. Ulitaka nikujibu nini?"

Makarius alilia, jamani, mwanaume mzima. Friza ameiuza, na dawa za shangazi sasa ananunua yeye. Amepanda mche wa mparachichi pale pale palipokuwa na mti. Lakini shangazi ni mzee, na mche hauzai kesho. Kila anapoumwagilia anajua hivyo.

MAFUNZO

Ndugu zangu, sola ni kitu kizuri, wala sisemi msinunue. Ila namba ya nyuma ya paneli ni ya jua kali lisilo na wingu. Kabla hujatoa mahindi yako ghalani, uliza itakupa nini mvua zikitanda, kisha nunua vyombo vinavyolingana na hicho. Ikishindwa, kagua kwanza ulichonunua, usimtwike mwingine gharama ya haraka yako. Na zaidi ya yote, muogope Mungu unapomwomba kitu mtu anayekupenda. Yeye hawezi kukukatalia, kwa hiyo ujikatalie mwenyewe.