Sajini na Maua ya Kaburini

Mama yetu, Germana, tulimzika nyumbani Oldeani, kando ya mibuni. Baba yetu, Marseli, ni mtunza bustani kwenye loji ya watalii. Alileta tawi la maua meupe, makubwa, yanayoning'inia kama tarumbeta. Akalipanda kaburini, likastawi. Majirani walilisifu sana.

Mbwa wa Mama, Sajini, alilala pale kila siku. Mama alimpa jina hilo kwa sababu alimbwekea kila mtu, hata padri.

Asubuhi moja, baada ya upepo mkali, nilimkuta Sajini anayumba. Mboni za macho yake zilikuwa zimetanuka. Miguuni pake palikuwa na ua lililotafunwa.

"Mnywesheni maziwa!" alisema jirani yetu Benedicta. Kikombe kilikuwa tayari mkononi.

Baba alikuwa ameshampigia simu Angelina, daktari wa mifugo. Sote tulimsikia Angelina kwenye spika ya simu.

"Msimpe maziwa wala mafuta! Msimtapishe! Atapaliwa. Mleteni sasa hivi, na hilo ua mje nalo."

Baba alimfunga Sajini kwa kanga ya Mama. Tukapanda bodaboda. Njia nzima Baba alimwambia, "Na wewe usiondoke. Na wewe usiondoke."

Angelina alilitazama ua. "Mzee Marseli, hili ni sumu. Ua, jani, mbegu, hata mzizi. Linadhuru mbwa, paka, mbuzi, na mtoto pia."

"Miaka kumi na miwili napanda maua. Sikujua."

"Wengi hawajui. Uliza kwanza, ndipo upande."

Sajini alibaki kwa Angelina siku mbili. Siku ya tatu alirudi akitembea mwenyewe.

Jioni ile Baba alivaa glovu, akachukua jembe.

"Shemeji!" Benedicta alishtuka. "Unang'oa maua kaburini? Watu watasemaje?"

"Waseme. Germana aliniachia mbwa. Ua nililileta mwenyewe."

Aling'oa mpaka mizizi, akaifukia kwenye shimo refu. Pale kaburini akapanda mawaridi. Wiki iliyofuata Benedicta alikuja kuazima jembe. Naye alikuwa na maua yale yale ya tarumbeta mlangoni pake.

Siku hizi wenzake wa loji humuuliza Baba kabla ya kupanda chochote.

Padri alipokuja kwa misa ya kumkumbuka Mama, Sajini alimbwekea mpaka padri akarudi nyuma hatua mbili. Baba hakumkemea. Alisimama wima kando ya mawaridi, akitabasamu.