Nilimsomea Kila Mtu Isipokuwa Maman Nyamwiza

Wasomaji wenzangu, nina miaka arobaini na moja. Mimi ni mwalimu wa historia hapa Kamembe, mji wa mpakani kando ya ziwa, binti wa fundi cherehani na mama mchuuzi wa sambaza, vidagaa vya ziwani kwetu. Nikipita barabarani watu huniita Profesa, wengine kwa heshima, wengine kwa kunichokoza tu. Hakuna hata mmoja anayejua nilivyoipata shahada hiyo wanayonisifia... Leo mtajua ninyi.

Mnisamehe nikiandika ovyo. Barua hii nimeianza mara nne, na mara nne nimeichana.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita nilipomaliza lisansi, yaani shahada ya kwanza, ya historia. Kazi, hakuna. Nikawa nakaa nyumbani namshonea baba vifungo, mimi msomi pekee wa ukoo mzima! Majirani walimuuliza baba kama historia huliwa na ugali. Alicheka nao, lakini wakiondoka alikuwa akiinamia cherehani yake muda mrefu bila kushona chochote. Jambo hilo liliniuma kuliko kejeli zenyewe.

Ndipo nikasikia habari za chuo kimoja cha Ulaya kilichokuwa kikichukua wanafunzi wa masta ya historia na kuwagharamia kila kitu. Nafasi zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Walitaka dosye: vyeti, barua za maprofesa wawili, na kurasa ishirini za utafiti wangu mwenyewe, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliandika.

Jambo hilo nilikuwa nalo. Nilipewa na Maman Nyamwiza.

Maman Nyamwiza alikuwa mjane wa kisiwani Nkombo, mwenye zaidi ya miaka sabini. Miaka na miaka mama yangu alinunua sambaza kwake na kuzivusha kwenda kuziuza Bukavu, ng'ambo ya mpaka. Utotoni nimebebwa mgongoni kwake. Nilipokwenda na daftari langu kumuuliza habari za zamani, njaa, ndoa, uvuvi wa enzi zao, alinijibu siku tatu mfululizo huku akimenya viazi vitamu. Siku ya tatu akaweka kisu chini.

“Mwamini, mutoto wangu,” aliniambia, “miye siko muntu wa hapa. Nilikuya mudogo, niko na miaka tano ao sita. Baba yangu alinibeba mugongoni kutoka Bweyeye, juu ya njaa. Alinipatia batu ba hapa, bakamupatia kitunga ya viazi na sambaza ya kukausha. Akaniambia: kaa hapa, nitakuya kukukamata kisha mavuno. Minamungoya mpaka leo.”

Familia iliyompokea ilimlea kama mtoto wa tumbo lao. Wazee wenyewe walikufa na siri hiyo. Alipofiwa na mume na kurudi kwao, kaka yake wa kulelewa pamoja alimkatia shamba kando ya ziwa, kama afanyiwavyo binti wa nyumba. Kisiwa kizima kilijua yeye ni wa ukoo ule. Hata watoto wake, waliokwisha kuhamia Bukavu, hakuwahi kuwaambia!

Nilipofunga daftari alinishika mkono. “Mbele ya kutuma hiyo maneno kwa Bazungu, unisomee kwanza. Nisikie yote. Ile nitakataa, utaifuta. Sawa?”

Nikasema sawa. Niliapa kabisa, wasomaji wangu. Nilimtaja Mungu.

Sikumsomea.

Nimejipa visingizio vingi miaka hii. Kwamba siku za mwisho za kupokea dosye zilikuwa zimekaribia, kwamba ziwa lilikuwa na mawimbi, kwamba nilikuwa na homa. Yote ni upuuzi. Mtumbwi wa Nkombo ulikuwapo kila siku! Ukweli ni huu: niliogopa atasema futa. Na bila hadithi ile kurasa zangu zilikuwa makapi matupu. Tena profesa wangu alitufundisha kwamba ushahidi usio na jina ni umbea, basi nikaandika jina lake kamili, jina la kilima chake, na jina la ukoo.

Sasa sikilizeni nilivyofanya. Sikuwa na kompyuta. Hapa kwetu, mwenye maandishi ya mkono huyapeleka sekretaria, chumba kidogo cha karibu na soko, na huko kuna msichana wa kupiga mashine. Mwandiko ukimshinda, unaketi pembeni yake na kumsomea kwa sauti, yeye anachapa. Kila mtu hufanya hivyo. Barua za kuomba kazi, mashtaka ya mipaka, hata barua za wachumba husomwa pale mbele ya watu waliokaa kwenye benchi wakingoja zamu.

Nilikwenda siku ya soko. Benchi lilikuwa limejaa. Utafiti niliuandika kwa Kifaransa, ila maneno ya Maman Nyamwiza niliyaacha katika Kiswahili chake mwenyewe, kwa sababu nilijiona mwanahistoria mahiri anayeheshimu sauti ya msimuliaji. Heshima gani hiyo?

Nikasoma. Nikafika kwenye kitunga cha viazi. Chumba kikanyamaza, hata waliokuwa wakibishana kuhusu fotokopi wakanyamaza. Na mimi mjinga nikadhani wananistaajabia! Nikapandisha sauti. Nikasoma jina lake kwa madaha, nikalitamka herufi kwa herufi ili msichana asikosee.

Kwenye benchi lile alikuwepo mwanamke aliyekuja kutoa kopi ya kadi ya ubatizo ya mtoto wake. Sikumjua. Alikuwa mke wa Gaspari, na Gaspari ni mtoto wa yule kaka aliyemkatia Maman Nyamwiza shamba.

Dosye ikaenda. Nikaanza kungoja.

Jamani, kungoja kule! Asubuhi na jioni nilikuwa nyumba ya intaneti, naangalia ukurasa unavyofunguka polepole. Hakuna kitu. Kesho tena, hakuna kitu. Ndege ikitua uwanja wa Kamembe, vijana wa mtaani walinipigia kelele, “Profesa, nenda kaangalie, barua yako imeshuka!” Baba alikwisha kunishonea koti la baridi, akalitundika dukani ili kila mteja aulize ni la nani. Nilikonda. Nilikuwa nikiomba katika kila swala: Mola wangu, nipe hili tu, sitakuomba lingine.

Mwezi wa pili wa kungoja, mama alirudi kutoka Nkombo na kitunga kitupu. Hakuvua hata viatu.

Akanieleza kwamba Gaspari ameitisha kikao cha ukoo. Amemwambia Maman Nyamwiza mbele ya watu kwamba yeye si damu yao, kwamba aliletwa kwa viazi, na mtu aliyeletwa kwa viazi harithi udongo. Walipomuuliza kama ni kweli, hakukana. Angeweza kwenda kwa viongozi, angeweza kushtaki. Hakutaka. Alikunja mikeka yake, akawaachia shamba na nyumba.

“Banasema maneno ilitoka sekretaria,” mama alisema. “Banasema ni weye ulisoma. Ni uongo?”

Nilichukua kile kitunga kitupu mkononi mwake, nikakitundika ukutani.

“Baba yake alimuacha juu ya njaa,” mama akasema. “Weye ulimuacha juu ya nini?”

Mama amezeeka sasa, nami swali hilo ningali nalo.

Nilivuka kwenda Nkombo kesho yake. Nilitaka anitukane! Nilitaka anipige hata kofi, nilie, nimalizane naye. Nilimkuta kwa jirani aliyempa chumba. Alinikaribisha, akanipa viazi na maharage, akauliza habari za baba na za koti langu, maana hata kwake habari za koti zilikuwa zimefika. Nikaanguka magotini kuomba msamaha. Akaniambia, “Simama, utachafua nguo. Sasa batu bote banajua. Basi.” Kisha akaniuliza kama Bweyeye kuna barabara siku hizi.

Wiki mbili baadaye alikwenda huko. Peke yake, mwanamke wa umri ule, kwenye vilima vya pembeni ya msitu wa Nyungwe ambako gari hufika kwa kudra ya Mungu na mvua hainyeshi bali humwagwa. Alikwenda kuwatafuta watu wake.

Je, nilimfuata? Hapana. Nilikuwa nangoja majibu.

Majibu yalikuja Jumatatu, mwezi wa nne wa kungoja. Nilisoma mstari wa kwanza nikapiga ukelele, mwenye duka akadhani nimeibiwa. Nimekubaliwa! Walisema waliguswa sana na ushahidi wa mwanamke wa kisiwani. Lakini chini kulikuwa na sharti. Kwa kuwa ushahidi ule unamtaja mtu kwa jina na unahusu maisha yake ya siri, nitume karatasi ya ruhusa, iliyotiwa sahihi au alama ya kidole ya msimuliaji mwenyewe, athibitishe kwamba amesomewa maandishi yote na ameyakubali. Bila karatasi hiyo, nafasi yangu atapewa mwingine. Walinipa siku kumi na tano.

Siku iliyofuata nilifunga safari ya Bweyeye. Nyumbani nilisema namtafuta Maman Nyamwiza nimrudishe. Baba akanibariki. Mama peke yake ndiye aliyenitazama kwa macho ya kuniuliza. Nilikuwa nadanganya, wasomaji wangu... Katika mkoba nilikuwa na karatasi ya ruhusa na wino wa mihuri. Nilikwenda kutafuta kidole chake.

Gari lilikwama njiani. Nikatembea, nikalala kwa wasamaria, nikatembea tena. Kila nilipouliza, watu walimjua: yule bibi anayeuliza kama kuna mzee aliyewahi kupoteza mtoto wa kike! Alikuwa amepita nyumba kwa nyumba. Wengine walimpa maziwa, wengine walidhani akili zimemruka. Hakuna aliyekumbuka. Nani angekumbuka? Wa kukumbuka walikwisha kufa wote.

Nilifika kwenye nyumba ya mwisho aliyofikia. Mwenye nyumba, baba mmoja mpole, alinipokea kwa mikono miwili, akaniuliza mimi ni nani wake. Nikasema mtoto wake. Akanipa pole. Akasema bibi alinyeshewa, mapafu yakamshika, hakumaliza hata wiki. Walikuwa wamemzika siku nne kabla. Kwa kuwa hawakujua ukoo wake, msalaba waliusimamisha bila jina.

Akaniomba nimwambie jina, ili aliandike.

Nilimwambia. Mkono wangu ulikuwa ndani ya mkoba, umeshika kile kikopo cha wino.

Sasa nifike pale ambapo kwa miaka mingi hata mume wangu sikumfikisha. Wakati wa kurudi, kwenye kituo ambako nilingoja gari saa tatu nzima, mchana kweupe, watu wakipita na majembe yao, nilitoa ile karatasi. Nikaandika jina la Maman Nyamwiza. Nikafungua wino. Nikabonyeza kidole gumba changu mwenyewe.

Nani angejua kule Ulaya? Kidole ni kidole!

Hakuna aliyejua. Nyumbani nilisema tu kwamba nimekuta amekwisha kuzikwa. Nilikwenda Ulaya, nikasoma, nikarudi na shahada. Kule darasani maprofesa walimtaja Maman Nyamwiza kwa mapenzi, wakaniuliza kama bado yu hai, anaendeleaje. Nikawajibu anaendelea vizuri, anawasalimu. Naam, niliwapa salamu za maiti! Siku hiyo nilirudi chumbani nikanawa mikono hadi ngozi ikapauka.

Tangu hapo sina raha. Nikisimama mbele ya wanafunzi wangu kuwaeleza ushahidi ni nini, naharakisha kwenda sura inayofuata. Mtoto akiniletea kazi iliyochafuka alama za vidole, naiweka kando, siwezi kuisahihisha siku hiyo. Na Gaspari! Gaspari akinikuta sokoni hunivulia kofia. “Mwalimu, aksanti sana,” husema, “bila weye hatungejua.” Nami humwitikia, kwa sababu nimwambie nini?

Watoto wa Maman Nyamwiza wako Bukavu. Mwaka jana nilivuka, nikawaambia kila kitu, kidole pamoja nacho. Mkubwa wao aliinuka akatoka nje. Mdogo aliniomba nimwonyeshe njia ya kufika kaburini, na nimemfikisha. Mwezi uliopita nilikiandikia pia chuo kile. Huenda wataifuta shahada yangu, na kazi iende nayo. Baba ananiambia niache wafu walale. Mimi naona aliyelala miaka yote hii ni mimi.

Ndugu zangu, najua baadhi yenu mnangoja jibu la shule wakati huu, mnaamka nalo, mnakula nalo. Nawaonea huruma, kwa maana nalijua joto lake. Lakini nawasihi, dosye zenu zisimchukue mtu asiyejua kwamba yumo ndani. Ukipewa maneno ya mtu, rudi kwake ukamsomee kabla hujamsomea mwingine yeyote. Akisema futa, futa, hata kama kurasa zitabaki tupu, hata kama utakosa mwaka huo ukarudi kushona vifungo kwa baba yako na mtaa mzima ukacheka.

Chuo hufungua mlango kila mwaka. Mimi ningeweza kuomba tena.

Mwamini, Kamembe