Futi Mia na Ishirini

Simu ilinguruma juu ya kaunta ya jiko, ikisogea kidogo kidogo kuelekea sinki. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, Desemba, na huko Barking, Ulaya, giza lilishaingia. Blandina hakuwa amewasha taa; binti yake Gladness, wa miaka mitano, alikuwa amelala kwenye sofa.

“Mama Gladi, gari limezama kwenye theluji,” alisema mumewe. “Buti zimelowa.”

Anselm alikuwa Marekani kwa mkataba wa miezi mitatu, akichanja ng'ombe katika ranchi ya nyanda za juu. Huko ilikuwa asubuhi, lakini dhoruba ilifunika kila kitu. Wenye ranchi walihitaji masaa matatu kumfikia. Vidole vya miguu visingesubiri.

Blandina aliwasha taa, akatandaza nakala ya ramani aliyoachiwa na mumewe.

“Unaona nini?”

“Kinu cha upepo, kimevunjika.”

Kidole chake kikakipata ramanini. Kusini kwake, kimraba cheusi: kibanda cha wachungaji. Katikati yao, mistari ya kahawia ya mwinuko imebanana.

“Kibanda kipo, lakini usishuke. Genge hilo. Mita mia na ishirini.”

“Basi nigande hapa, mwalimu?”

“Zunguka kinu upate joto. Usikae.”

Alizunguka. Baada ya dakika kumi maneno yake yalikuwa mazito, kama ya mtu aliyetoka kung'olewa jino. Betri ya simu yake, asilimia saba. Blandina aliinama akitafuta njia nyingine, macho yakatua kwenye maandishi madogo pembeni. Futi. Darasa la jiografia alilofundisha jioni, Stratford, lilisoma ramani za mita tu.

“Baba Gladi, nimekosea. Vimo ni kwa futi, si mita. Huo ni mteremko, hata ng'ombe anashuka. Upepo unatoka wapi?”

“Nyuma ya kinu. Kaskazini.”

“Upe mgongo, ushuke.”

“Ukiniua, dada zangu watakusema mpaka kiama.”

“Tembea.”

Upepo ulivuma simuni. Kishindo.

“Nimeanguka. Goti.”

“Linakunjika?”

“Linakunjika. Kulia kuna korongo, pametulia.”

“Usiliingie. Theluji imejaa humo, itakumeza. Kaa juu, kwenye mgongo wa mteremko.”

Zikasikika pumzi tu, na ule upepo. Gladness alikuwa ameamka. Alikuja akaegemeza sikio kwenye simu, shavu kwa shavu na mama yake. Simuni, ubao uligongwa mara moja, mara ya pili. Bawaba zikalia. Mlango mzito ukafungwa.

“Upepo umenyamaza, mama,” alisema mtoto.