Ujumbe Aliouleta Boone

"Leo hatuondoki," Lyle alisema, kikombe cha kahawa mkononi.

"Tena?" Marlys akageuza kiti chake cha magurudumu. "Juzi upepo. Jana tairi. Leo nini?"

"Mgongo unaniuma."

"Wako au wa gari?"

Lyle hakucheka. Alishuka ngazi, akaelekea kwenye mabafu ya kambi.

Walikuwa jangwani New Mexico, ndani ya gari-nyumba la Marlys, lile gari kubwa lenye kitanda, jiko na choo humohumo. Marlys Haugen alikuwa mwalimu wa muziki kule Minnesota mpaka farasi alipomwangukia na kumvunja uti wa mgongo. Miguu ikafa. Akanunua gari hilo, akafungiwa vyuma vya kubania gesi na breki kwa mikono, akazunguka nchi na Boone, mbwa mweusi aliyefunzwa kumsaidia: kufungua friji, kuokota funguo, kumletea simu inayolia.

Kisha akakutana na Lyle Trask, fundi wa kuchomelea kutoka Nebraska. Wakapendana, Lyle akahamia kwake. "Sasa wewe pumzika, nitaendesha mimi," alimwambia. Vile vyuma vilikuwa vinamgonga magoti, akavifungua na kuvisukumia chini ya kitanda. Marlys hakubisha. Alidhani ndiyo kupendwa kwenyewe.

Simu ya Lyle ikalia kitandani. Boone hakuwa na habari simu ni ya nani. Aliibeba mdomoni, akamwekea Marlys mapajani. Ikakatika, ujumbe ukaingia:

"Vonda: Umeshamwambia? Usipomwambia leo, nampigia mwenyewe. Utamdanganya mwanamke wa watu mpaka lini?"

Lyle aliporudi, taulo begani, Marlys alikuwa bado ameishika simu.

"Vonda ni nani?"

Lyle akasimama palepale. "Dada yangu."

"Wanaume mkibanwa, kila mwanamke ni dada."

"Marlys, naapa, ni dada yangu."

"Basi tumsalimie."

Akapiga, akaweka sauti ya juu.

"Lyle! Umemwambia?" sauti ya kike ikafoka.

"Mimi ni Marlys."

Sauti ikashuka. "Wifi yangu. Pole. Muulize habari ya macho yake."

Marlys akakata simu. "Macho gani?"

Lyle akakaa kwenye ngazi ya mlango, uso ameugeuzia nje. "Sioni pembeni. Kulia giza, kushoto giza, naona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Na litazidi. Daktari alinikataza kuendesha tangu majira ya joto."

"Majira ya joto? Sasa hivi ni baridi, Lyle!"

"Najua."

"Yule mama wa baiskeli, yule uliyemkosakosa. Ulisema jua lilikupiga machoni."

"Sikumwona kabisa."

Marlys akashika kichwa. "Mungu wangu. Na mimi nimekaa pembeni yako, mkanda nimefunga, nakuimbia."

"Niliogopa. Ungesema kiwete na kipofu ndani ya gari moja, nani atamwongoza mwenzake? Ungeniacha."

"Kiwete ni mimi, na sijakuficha hata siku moja."

"Ningekuwa na mwanamke mwingine ungenisamehe?"

"Upesi zaidi. Yeye angeniumiza roho tu. Wewe ungetuua mimi na Boone, na mama wa watu anayejiendea zake dukani. Lete vyuma vyangu."

Lyle akalala chali chini ya usukani, akavifunga kwa kupapasa. Marlys akajaribu breki. Ikashika.

"Sasa chukua begi lako."

"Marlys..."

"Vonda atakuja kukuchukua. Kambini kuna chakula na watu. Hutakufa."

Akamwacha amesimama kwenye changarawe. Aliendesha polepole mpaka mji wa kwanza. Hapo akaegesha, akanunua burito, ile chapati ya kukunja yenye maharage, akala huku analia. Nusu ya machozi ilikuwa hasira. Nusu nyingine ni kwamba alikuwa amesahau utamu wa kushika usukani, na aliusahauje?

Lyle hakumbembeleza. Alimtumia jumbe fupi tu.

"Leo nimemwaga kahawa. Sikukiona kikombe."

"Leo nimegonga mlango wa kanisa. Mchungaji anasema ni dhambi zangu."

"Leo nimerudisha leseni. Nimelia kama mtoto, Vonda akanicheka, halafu naye akalia."

Marlys alizisoma zote, hakujibu. Ule wa leseni aliusoma mara mbili. Siku ya pili yake akaandika:

"Bado unapika yale mayai?"

"Yale yanayoungua?"

"Hayohayo."

Theluji ilipoyeyuka, aliingiza gari kwenye ua wa nyumba ya Vonda, Nebraska. Lyle alikuwa barazani na fimbo nyeupe. Boone akashuka wa kwanza, mkia unapiga kila kitu.

"Sijaja kukuuguza," Marlys alisema.

"Na mimi sijaomba muuguzi."

"Ukinificha tena, hata jino likikuuma, nakushusha njiani."

"Nishushe."

"Na usukani ni wangu."

"Wako."

"Basi nioe, unangoja nini?"

Vonda, aliyekuwa amejibanza nyuma ya pazia, akapiga kelele mpaka jirani akatoka nje.

Walioana mahakamani. Karani alitaka mbwa abaki nje. Vonda akamwambia, "Huyo ni miguu ya bibi harusi. Utaibakisha nje?" Boone akaingia, akalala katikati yao, akakoroma wakati wa kiapo.

Wakaondoka kuelekea magharibi. Walipofika Wyoming, Marlys akaonyesha kwa kidevu.

"Unaiona ile milima, kule kushoto?"

Zamani Lyle angejibu ndiyo.

"Hapana," alisema. "Siioni."

Marlys akapunguza mwendo, akaanza kumsimulia ilivyo.